Agustín Barrios

Agustín Pío Barrios (San Juan Bautista, Paraguay, 5 Mei 1885 – San Salvador, El Salvador, 7 Agosti 1944) alikuwa mpiga gitaa, mtunzi na mwalimu wa muziki kutoka Paraguay. Anajulikana pia kama Agustín Barrios Mangoré, na kwa miaka kadhaa alijitambulisha jukwaani kwa jina la Nitsuga Mangoré. Alimaliza maisha yake akiwa profesa wa gitaa katika Chuo cha Taifa cha Muziki mjini San Salvador.

Leo anahesabiwa kati ya watunzi wakubwa kabisa waliowahi kuandikia gitaa, na kazi zake hufundishwa katika vyuo vingi vya muziki vinavyofundisha chombo hicho. Hata hivyo, kwa miaka zaidi ya 30 baada ya kufa kwake, sehemu kubwa ya dunia haikumjua. Alifariki bila mali, na kazi zake nyingi zilibaki katika karatasi za mkono zilizotawanyika nchi mbalimbali. Nyingine zilibaki katika santuri za zamani na katika vidole vya wanafunzi wake tu.

Nchi na familia

Barrios alizaliwa miaka 15 baada ya Vita ya Muungano wa Nchi Tatu (1864–1870), ambamo Paraguay ilipigana na Brazil, Argentina na Uruguay kwa pamoja. Vita hiyo iliua sehemu kubwa ya wananchi, hasa wanaume, na kuiacha nchi maskini. Kizazi chake kilikulia katika nchi iliyokuwa ikijijenga upya, yenye shule chache na kumbi chache za muziki.

Hata hivyo, muziki wenyewe haukukosekana. San Juan Bautista iko katika mkoa wa Misiones, mahali ambapo Wajesuiti waliendesha vijiji vya misheni kati ya Waguarani hadi walipofukuzwa mwaka 1767. Katika vijiji hivyo Waguarani walifundishwa kuimba, kupiga vyombo na hata kuvitengeneza. Baadaye kinubi na gitaa vilikuwa vyombo vya wananchi wote wa Paraguay, vikipigwa kwenye harusi, sikukuu za watakatifu na mikusanyiko ya jioni.

Baba yake, Doroteo Barrios, alikuwa mtu wa asili ya Argentina aliyefanya kazi ya ubalozi mdogo wa nchi hiyo. Mama yake, Martina Ferreira, alikuwa mwalimu. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi, vitabu na vyombo vya muziki. Ndugu yake mmoja, Francisco Martín Barrios, alikuja kuwa mshairi na mwigizaji, na baadaye alisafiri pamoja na Agustín kwa miaka kadhaa. Agustín alikua akizungumza Kihispania na Kiguarani, lugha mbili ambazo hadi leo Waparaguay wengi huzitumia kwa pamoja.

Masomo

Mwaka 1898, Barrios akiwa na umri wa miaka 13, mpiga gitaa Gustavo Sosa Escalada alimsikia akipiga na kutambua kipaji chake. Sosa Escalada alikuwa amejifunza gitaa mjini Buenos Aires, na ndiye aliyemwonyesha kijana huyo kuwa chombo cha kuchezea ngoma za kijijini kina pia maandiko yake na historia yake. Alimpitisha katika kazi za Wahispania Fernando Sor na Dionisio Aguado wa karne ya 19, pamoja na zile za Francisco Tárrega aliyekuwa bado hai wakati huo.

Kwa msaada wa mwalimu huyo, Barrios alihamia mji mkuu Asunción na kuingia Colegio Nacional, shule ya sekondari iliyoheshimiwa kuliko zote nchini. Huko alisoma hisabati na fasihi pamoja na masomo mengine, na alisifiwa kwa mwandiko wake mzuri na uchoraji wake. Nadharia ya muziki alijifunza kwa Nicolino Pellegrini, mwanamuziki Mwitalia aliyekuwa akifundisha mjini. Maisha yake yote aliendelea kusoma falsafa na ushairi, na mwenyewe aliandika mashairi.

Elimu hiyo ilionekana baadaye katika tungo zake. Wapiga gitaa wengi wa Amerika ya Kusini wakati ule walipiga kwa kusikia tu. Barrios aliweza kupiga kwa kusikia kama wao, lakini pia alisoma nota, alielewa mpangilio wa sauti na aliweza kuandika alichokitunga.

Miaka ya kusafiri

Mwaka 1910 Barrios alivuka mpaka kwenda Argentina kwa ajili ya maonyesho. Safari iliyokusudiwa kuwa fupi iligeuka kuwa ya miaka mingi. Alizunguka Argentina, Uruguay na Brazil, akipiga katika kumbi kubwa za miji, katika sinema, katika klabu na katika nyumba za watu wenye uwezo. Mahali pengine alipokewa vizuri, pengine alipata watazamaji wachache na malipo ya kulipia chakula na usafiri tu.

Nchini Uruguay alipata rafiki wa kudumu, Martín Borda y Pagola, mtu mwenye mali aliyependa gitaa. Rafiki huyo alimpa malazi na kumhimiza aandike tungo zake. Inafaa kukumbuka kwamba Barrios alitunga huku akipiga, na mara nyingi aliridhika kuubeba wimbo kichwani bila kuuweka karatasini. Bila ya Borda y Pagola, aliyemsukuma kuandika na kisha kuzihifadhi karatasi zenyewe, sehemu nzuri ya kazi zake isingelikuwapo leo.

Kuanzia mnamo 1913 Barrios alirekodi santuri, kwanza kwa lebo za Atlanta na Artigas, halafu kwa Odeon. Rekodi hizo ni kati ya za kwanza kabisa za gitaa la kitaaluma duniani. Wakati ule hapakuwa na maikrofoni ya umeme: mpigaji alikaa mbele ya pembe kubwa iliyopeleka sauti moja kwa moja kwenye sindano ya kuchora santuri. Gitaa, ambalo sauti yake ni ndogo, halikufaa sana kwa njia hiyo. Pamoja na kelele zote za santuri hizo za zamani, anasikika mpigaji mwenye kasi na sauti safi, anayecheza na mapigo kwa uhuru mkubwa.

Nyuzi za chuma

Jambo moja lilimtenganisha Barrios na wapiga gitaa wenzake wa kitaaluma. Wao walitumia nyuzi tatu nyembamba zilizotengenezwa kwa utumbo wa mnyama, kwani nailoni ilikuwa haijaanza kutumiwa kwa gitaa. Barrios alitumia nyuzi za chuma kama wanamuziki wa mitaani. Ili kupunguza ukali wa sauti ya chuma, aliweka vipande vidogo vya mpira kwenye nyuzi hizo karibu na daraja la gitaa.

Kulikuwa na sababu za kawaida kabisa za kufanya hivyo. Nyuzi za utumbo hukatika upesi penye joto na unyevu, hubadilika sauti hali ya hewa inapobadilika, na bei yake ilikuwa kubwa. Mtu aliyesafiri kwa meli na treni kutoka mji hadi mji katika nchi za joto alihitaji nyuzi ambazo hazingemwangusha katikati ya onyesho. Lakini machoni pa wakosoaji, hasa wale waliofuata desturi za Hispania, chuma kilikuwa alama ya muziki wa vilabuni. Waliompinga walimhukumu kwa nyuzi zake kabla ya kuusikiliza muziki wake, na hukumu hiyo ilimfuata hadi kaburini.

La catedral na Segovia

Mwaka 1921 Barrios alitunga La catedral, yaani Kanisa Kuu, ambayo ndiyo kazi yake maarufu kuliko zote. Mwanzoni ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole, yenye sauti nzito zinazopangwa kama za kinanda cha kanisa. Ya pili ni ya kasi, nota zikimiminika bila kupumzika. Wengi huieleza kuwa ni picha ya mtu aliye ndani ya utulivu wa kanisa na kisha kutoka nje kwenye pilikapilika za barabarani. Mwaka 1938, akiwa Havana nchini Kuba, aliongeza sehemu ya utangulizi aliyoiita Saudade, neno la Kireno lenye maana ya hamu ya kitu au mtu aliye mbali. Tangu hapo kazi hiyo hupigwa ikiwa na sehemu tatu.

Miaka hiyohiyo Mhispania Andrés Segovia (1893–1987) alikuwa ameanza ziara zake za Amerika ya Kusini. Wawili hao walikutana Buenos Aires, na Barrios alimpigia La catedral. Inasimuliwa kwamba Segovia aliipenda. Lakini katika maisha yake marefu ya jukwaani, yaliyoendelea hadi miaka ya 1980, hakuwahi kuingiza kazi za Barrios katika maonyesho yake.

Jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko linavyoonekana. Segovia ndiye aliyelipa gitaa heshima katika kumbi za Ulaya na Marekani. Kazi alizozipiga yeye zilichapishwa, zilinunuliwa na kufundishwa. Kazi ambazo hakuzigusa zilikuwa na njia nyembamba sana ya kufika kwa wanafunzi. Segovia alitafuta kazi mpya kwa watunzi wasiopiga gitaa, wenye jina katika muziki wa okestra. Barrios alikuwa wa desturi ya zamani zaidi, ya mpigaji anayejitungia mwenyewe. Alichokipoteza Barrios kwa kutopigwa na Segovia kilichukua zaidi ya nusu karne kurudishwa.

Kurudi nyumbani na kuondoka tena

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Barrios alirudi Paraguay. Alishangiliwa, alipiga katika maonyesho mbalimbali, lakini nchi haikuwa na nafasi kwa mwanamuziki wa aina yake. Hapakuwa na chuo cha kumwajiri, na wasikilizaji wa kulipia muziki wa gitaa pekee walikuwa wachache. Paraguay ilikuwa pia katika misukosuko ya kisiasa, ikiwamo vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1922 na 1923. Mwaka 1925 aliondoka, na hakurudi tena katika nchi yake hadi kufa.

Nitsuga Mangoré

Mnamo 1930 Barrios alikuwa Brazil, ambako alikutana na Gloria, mwanamke wa huko aliyekuwa mwenzi wake hadi mwisho wa maisha yake. Biashara ya maonyesho ilikuwa imedidimia. Mdororo wa uchumi wa dunia uliwapunguzia watu fedha za kiingilio, na sinema za sauti zilikuwa zikichukua wasikilizaji wa kumbi. Hapo ndipo Barrios alipobadilisha kabisa namna ya kujitokeza mbele ya watu.

Mnamo 1932, katika jimbo la Bahia, alianza kupanda jukwaani akiwa amevaa manyoya na mapambo ya chifu wa Kiindio, jukwaa likiwa limepambwa kwa mimea ya msituni. Alijiita Nitsuga Mangoré. Nitsuga ni Agustín kinyume, na Mangoré ni jina la chifu wa wenyeji katika simulizi za zama za kufika kwa Wahispania. Alitangazwa kuwa Paganini wa gitaa kutoka misitu ya Paraguay, akilinganishwa na Niccolò Paganini, mpiga fidla Mwitalia wa karne ya 19.

Watu walijaa. Wengine walikuja kumshangaa chifu, wakaondoka wakiwa wamesikia Bach na Chopin, kwa kuwa programu ya muziki haikuwa na uhusiano na mavazi. Akiwa katika sura hiyo alipita Venezuela, Trinidad, Kolombia, Panama na nchi za Amerika ya Kati.

Waandishi wa maisha yake hawakubaliani kuhusu jambo hili. Kuna wanaoliona kama mbinu ya kibiashara ya mtu aliyebanwa na njaa, tena mbinu iliyoimarisha picha ya Waindio kama watu wa kushangaza tu. Wengine wanakumbusha kwamba Barrios alizungumza Kiguarani tangu utoto, alijivunia urithi huo, na alitaka kuonyesha kwamba muziki wa juu kabisa unaweza kutoka kwa wenyeji wa Amerika. Inawezekana sababu zote mbili zilikuwapo kwa wakati mmoja. Jambo lililo hakika ni kwamba mavazi yalimpa watazamaji, na yalimpa pia sifa mbaya kati ya wataalamu. Baada ya miaka michache aliyaacha mavazi, lakini jina Mangoré aliendelea kulitumia.

Ulaya

Mwaka 1934, akiwa Mexiko, alipata msaada wa Tomás Salomoni, mwanadiplomasia wa Paraguay, aliyemchukua kwenda Ulaya. Mwezi Novemba mwaka huo alipiga katika Chuo cha Kifalme cha Muziki cha Brussels, Ubelgiji. Anatajwa kuwa miongoni mwa wapiga gitaa wa kwanza wa Amerika ya Kusini kusikika katika kumbi za namna hiyo za Ulaya. Alitembelea pia Ujerumani na Hispania.

Safari hiyo haikumfungulia milango kama alivyotumaini. Mwaka 1936 alirudi Amerika, muda mfupi kabla Hispania haijaingia katika vita ya wenyewe kwa wenyewe. Aliendelea kuzunguka nchi za Karibi na Amerika ya Kati. Mwaka 1938 akiwa Kosta Rika alitunga Julia Florida, wimbo wa taratibu wenye mwendo wa mtumbwi majini, alioutungia mmoja wa wanafunzi wake wa huko. Lakini afya yake ilikuwa imeanza kuharibika, na moyo ulimsumbua.

Profesa wa San Salvador

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Barrios alipewa nafasi ya kukaa El Salvador na kufundisha katika Chuo cha Taifa cha Muziki, kilichoitwa kwa jina la Rafael Olmedo. Aliyempa nafasi hiyo ni rais wa nchi, Jenerali Maximiliano Hernández Martínez. Kwa mara ya kwanza, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, mtu huyu aliyeishi kwa tiketi za maonyesho alipata mshahara wa kudumu na makao yasiyohamahama.

Fadhila hiyo ilitoka kwa mtawala wa kuogofya. Mwaka 1932, mwaka uleule Barrios alipovaa manyoya ya chifu kwa mara ya kwanza, majeshi ya Hernández Martínez yalizima uasi wa wakulima wa magharibi mwa El Salvador kwa kuua maelfu ya watu, wengi wao wakiwa Waindio wa Kipipil. Baada ya mauaji hayo wengi waliosalia waliacha kuvaa mavazi yao na kusema lugha yao hadharani kwa kuogopa kutambuliwa. Hivyo msanii aliyepata umaarufu kwa kuvaa kama Mwindio alikuja kupata hifadhi kwa mtu aliyewafanya Waindio waogope kuonekana. Barrios hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mgonjwa, hakuwa na akiba, na hapakuwa na serikali nyingine iliyompa kazi.

Kama mwalimu, alikuwa na kundi dogo la wanafunzi, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa 12. Hakuwafundisha kwa kitabu. Alipiga, wakatazama na kusikiliza, kisha wakarudia mbele yake. Aliwaandikia au kuwaruhusu wanakili tungo zake, na kwa njia hiyo nakala zikaingia katika nyumba mbalimbali za San Salvador. Baada ya kifo cha mwalimu wao waliendelea kupiga kazi zake na kuzitunza karatasi hizo. Mmoja wao, José Cándido Morales, aliandika baadaye kitabu kuhusu maisha yake. Watafiti walipokuja miaka mingi baadaye, njia yao ya kwanza ilikuwa wanafunzi hao.

Kifo

Mwezi Mei 1944 Hernández Martínez alilazimishwa kujiuzulu kwa mgomo mkubwa wa wananchi. Miezi mitatu baadaye, tarehe 7 Agosti 1944, Barrios alifariki kwa ugonjwa wa moyo mjini San Salvador, akiwa na umri wa miaka 59. Alizikwa katika makaburi ya watu mashuhuri ya mji huo.

Kazi yake ya mwisho ni Una limosna por el amor de Dios, yaani Sadaka kwa ajili ya upendo wa Mungu. Husimuliwa kwamba aliitunga baada ya kusikia mwombaji mzee akibisha mlangoni. Katika wimbo huo mapigo mafupi yanayojirudia kama hodi husikika tangu mwanzo hadi mwisho, chini ya mahadhi ya juu yanayotetemeka.

Muziki wake

Tungo zaidi ya 100 zimesalia, na inaaminika aliandika nyingi zaidi ya hizo. Kwa kawaida hugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la nyimbo zilizojengwa juu ya ngoma za Amerika ya Kusini. Danza paraguaya inatoka kwao, Aire de zamba inafuata ngoma ya Argentina, Cueca ya Chile, na Maxixe pamoja na Choro de saudade zinafuata mitindo ya Brazil. Barrios hakunakili tu mapigo ya ngoma hizo, bali aliyapa mpangilio wa sauti uliotokana na masomo yake ya kitaaluma.

Kundi la pili ni la kazi zinazofuata watunzi wa Ulaya. Kutoka kwa Johann Sebastian Bach alijifunza kufanya sauti kadhaa zitembee kwa pamoja katika chombo kimoja, na kutoka kwa Frédéric Chopin alichukua walsi, mazurka na utangulizi mfupi. Walsi zake mbili za Opus 8, namba 3 na namba 4, hupigwa kila mahali. Anatajwa mara nyingi kuwa mpiga gitaa wa kwanza kupiga mbele ya watu kazi nzima ya Bach iliyoandikwa kwa ajili ya luti.

Kundi la tatu ni la kazi zenye hisia za kidini, kama La catedral na ile ya mwisho ya mwombaji.

Alikuwa hodari hasa wa tremolo. Katika mbinu hiyo kidole gumba hupiga sauti za chini, huku vidole vitatu vingine vikigusa uzi mmoja wa juu kwa haraka, hata mahadhi yasikike kama sauti moja isiyokatika. Un sueño en la floresta, yaani Ndoto msituni, ni mfano mkubwa wa mbinu hiyo. Kazi hiyo inadai nota ya juu sana, iliyo kwenye freti ya 20, wakati magitaa mengi ya kitaaluma yana freti 19 tu. Hadi leo wapigaji wengine huongezewa freti hiyo na mafundi kwa sababu ya wimbo huo. Las abejas, yaani Nyuki, ni zoezi la kasi linaloiga mvumo wa wadudu hao.

Kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mpigaji, tungo zake zinakaa vizuri mkononi hata zinapokuwa ngumu. Hiyo ni sababu mojawapo ya wanafunzi kuzipenda: jitihada yote ya mpigaji huzaa sauti inayosikika.

Kusahauliwa na kufufuliwa

Sababu za kusahauliwa kwake zilikuwa nyingi. Kazi zake chache tu zilichapishwa akiwa hai. Aliishi mbali na miji yenye wachapishaji wakubwa. Alifariki katika nchi ndogo wakati dunia ikiwa vitani. Wakosoaji walimdharau kwa ajili ya nyuzi za chuma na mavazi ya manyoya, na Segovia alimnyamazia. Tena, mara nyingi alibadilisha wimbo mmoja kila alipoupiga, hata kukawa na matoleo mawili au zaidi yanayotofautiana.

Hata hivyo uzi haukukatika. Mpiga gitaa wa Paraguay Sila Godoy alisafiri na kukusanya nakala za kazi zake. Alirio Díaz wa Venezuela alizipiga katika ziara zake kuanzia miaka ya 1950. Mmarekani Richard Stover alizitafuta karatasi katika nchi nyingi, akasikiliza santuri za zamani na kuandika nota kutokana na alichokisikia, kisha akazichapisha katika miaka ya 1970. Baadaye, mwaka 1992, alitoa kitabu cha maisha ya Barrios.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1977, wakati John Williams, mpiga gitaa mzaliwa wa Australia aliyeishi Uingereza, alipotoa santuri nzima ya kazi za Barrios. Williams alikuwa mmoja wa wapigaji mashuhuri kuliko wote wa wakati huo, naye aliwahi kuwa mwanafunzi wa Segovia. Alimtangaza waziwazi Barrios kuwa mtunzi bora kuliko wote waliowahi kuandikia gitaa. Tangu hapo kazi zake zimeingia katika mitihani, mashindano na maonyesho duniani kote. Katika Paraguay yenyewe, mpiga gitaa Berta Rojas ni mmoja wa waliofanya kazi kubwa ya kumrudisha nyumbani.

Kumbukumbu

Paraguay, ambayo haikuweza kumpa kazi alipokuwa hai, imeweka sura yake katika noti yake ya guarani 50,000. El Salvador inamhesabu kama mtu wake pia, kwa sababu ndiko alikofundisha na ndiko alikozikwa. Mwaka 2015 ilitolewa filamu kuhusu maisha yake, iliyoongozwa na Luis R. Vera.

Santuri alizozirekodi mwenyewe zimetolewa upya na kusafishwa kelele. Kwa njia hiyo mwanafunzi wa leo anaweza kulinganisha nota zilizochapishwa na namna mtunzi mwenyewe alivyopiga, kwa nyuzi zake za chuma.